Kura ya maamuzi isivalishwe tisheti ya chama

Bw Mhariri,

Nimekuwa nikisikia redioni, na kwa abiria wenzangu kwenye matatu za Luanda, kule Vihiga, kwamba wapo viongozi wanaotaka kura ya maamuzi ya kurekebisha katiba ifanywe siku moja na uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Wanasema tutaokoa pesa. Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge, nikiwa mahali ninapopajua, yaani nyuma ya meza ya matunda hapa soko la Kibuye, Kisumu. Nimeuza ndizi, machungwa na maembe hapa tangu Moi akiwa bado Ikulu, na kura zote za maamuzi za nchi hii zimenipata nikiwa papa hapa.

Sina ugomvi na katiba kurekebishwa. Ugomvi wangu ni na vyama. Kila tulipoulizwa swali kuhusu maandishi, vyama vimekuja kulijibu kama swali kuhusu watu: nani Mkenya kamili, nani Mkenya nusu, nani ameuza nchi. Sasa fikiria siku ambayo mpiga kura anapewa karatasi sita, za rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi, halafu aongezewe ya saba ya katiba. Hiyo ya saba nani ataisoma? Ataipigia kura kwa rangi ya kofia aliyopewa.

Vijana wengi wanaonunua kwangu walikuwa hawajazaliwa 2005, kwa hiyo wataniwia radhi nikieleza. Tume ya uchaguzi ya wakati huo, chini ya marehemu Samuel Kivuitu, iliwapa waliounga mkono rasimu ya katiba alama ya ndizi, na walioipinga alama ya chungwa. Nadhani waliona matunda hayana kabila. Kuna watu wa sokoni ambao wangewaambia mapema, lakini hakuna aliyetuuliza.

Kisumu yote ilikuwa Chungwa. Machungwa niliyouza mwaka ule, kama mengi ya soko hili hadi leo, yalitoka Tanzania, yakaingia kwa lori kupitia Isebania. Ndizi zangu zilitoka kwetu Maragoli, nyingine Daraja Mbili, Kisii. Kwa hiyo tunda lililoinuliwa jukwaani kuwa alama ya Mkenya asiyekubali kuuzwa lilikuwa limevuka mpaka juzi tu, na lile lililotupwa chini na kukanyagwa lilikuwa limekuzwa kwa samadi ya ng'ombe wa mama yangu mzazi. Nilicheka peke yangu. Wakati huo ulikuwa si wa kumchekesha mtu.

Vijana wakapita asubuhi wakiniagiza niondoe ndizi mbele ya meza. Sisemi walikuwa wahuni. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akinishushia mzigo stendi, na alinisaidia kuzihamishia chini ya meza kwa adabu kabisa, akiniita mathe. Wateja wa ndizi hawakuisha, ila walibadilisha namna ya kununua. Mama mmoja wa Nyalenda aliyekuwa na mgonjwa nyumbani, mgonjwa asiyeweza kutafuna kitu kigumu, akaanza kuniomba nimfungie kwenye karatasi nyeusi, zile za plastiki zilizopigwa marufuku 2017, tena nifunge mara mbili. Akipita mbele ya watu anaificha chini ya leso. Ndizi mbivu za mgonjwa! Chama kikishafika hapo, hakifanyi tena kampeni ya katiba.

Lakini ninayemkumbuka zaidi ni jirani yangu wa meza ya viazi. Yeye alitoka Kinangop, kwa Wakikuyu, watu wa Rais Kibaki aliyeiunga mkono rasimu. Kwa jina lake tu, soko lilikuwa limeshaamua kwamba ni mtu wa Ndizi. Siku moja tukila githeri mchana, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba rasimu ile hakuipenda hata kidogo. Alikuwa amefuatilia redioni, mwanzo hadi mwisho, mjadala wa Bomas, ule mkutano wa kuandika katiba uliofanyika Nairobi. Alijua rasimu ya Bomas ya Machi 2004 ilimpa waziri mkuu mamlaka ya kweli, na kwamba ile iliyoletwa mbele yetu, tuliyoiita rasimu ya Wako kwa jina la mwanasheria mkuu wa wakati ule, ilirudisha mamlaka hayo kwa rais. Yeye alitaka rais apunguzwe. Alikuwa na sababu zake na alizipanga vizuri kuliko wabunge niliowahi kusikia. Ila kwao angeonekana msaliti wa damu yake, na hapa Kibuye nani angemwamini? Wangesema anajipendekeza. Huyo ni raia aliyesoma, akapima, akaamua, na katika Kenya nzima hapakuwa na mkutano mmoja ambao angeweza kusimama akasema alichokiamua.

Oktoba mwaka ule watu waliuawa kwa risasi hapa mjini, katika fujo za mkutano wa kampeni. Novemba 21 La, yaani Chungwa, ikashinda kwa asilimia 58, na siku mbili baadaye Rais Kibaki akavunja baraza lote la mawaziri. Wenye Chungwa walikuwa wameonja ushindi na hawakutaka kuutua. Harakati ikageuzwa chama, ODM, chama kikaingia uchaguzi wa 2007 na alama ileile. Ghasia na mauaji yaliyofuata baada ya uchaguzi huo tunayajua. Jirani yangu wa viazi aliondoka Januari 2008 na hakurudi. Meza yake siku hizi inauza mitumba ya watoto.

Nimeelezwa na kijana wa ukoo wa mume wangu anayesomea uwakili kwamba Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ilijifunza kidogo. Inasema alama itakayotolewa kwa jibu la kura ya maamuzi isifanane na alama ya chama wala ya mgombea huru. Vizuri. Lakini hiyo ni kuziba mlango ambao hakuna aliyeingilia. Mwaka 2005 haikuwa chama kilichoingia ndani ya kura; ni kura iliyotoka nje ikawa chama. Nilimuuliza huyo kijana ni kifungu gani kinachozuia hilo lisitokee tena, akasema anakwenda kutafuta. Bado namngojea.

Ukiwa unadhani rangi ni salama kuliko matunda, kumbuka 2010. Ndio walipewa kijani, La wakapewa nyekundu. Rangi zote mbili zimo katika bendera yetu, na shuleni tulifundishwa ya kijani ni ardhi na nyekundu ni damu iliyomwagika kwa ajili ya uhuru. Miezi michache hiyo, nusu ya bendera ikawa adui wa nusu nyingine. Dada yangu anayeishi Nakuru aliacha kuvaa sweta lake jekundu kwenda kazini, maana Nakuru ya 2010 ilikuwa bado ina majivu ya 2008 na hakuna aliyetaka kuulizwa maswali na mtu asiyemjua kwenye steji.

Kuna wanaosema ile ya 2010 ilikuwa kampeni safi. Ilikuwa afadhali, nakubali. Angalau watu wengi waliipata katiba mkononi, na mimi mwenyewe niliisoma sura ya ardhi nikiwa hapa mezani. Lakini mwulize mzee wa Kaloleni anayeuza tende na kahawa upande wa juu wa soko. Alizaliwa hapa Kisumu, baba yake alizaliwa hapa. Mahakama za Kadhi, za Waislamu wenzake, zilikuwa kwenye katiba yetu tangu uhuru, hazikuletwa na rasimu ile. Hata hivyo, kwa wiki kadhaa aliamka akisikia kwenye vipaza sauti kwamba kuna watu wanataka kuibadilisha Kenya iwe nchi nyingine, na kila mtu sokoni alijua wanaosemwa ni kina nani. Majirani wake wa miaka yote wakaanza kumwuliza mnataka nini nyinyi. Nyinyi! Yeye alikuwa anataka deni lake la sukari lilipwe.

Upande wa Kijani nao haukuwa malaika. Kwao aliyesema La alikuwa adui wa mabadiliko, mtu wa zamani, mtu asiyeipenda nchi. Basi aliyeongoza La wakati ule, William Ruto, ndiye aliyeshika Biblia Septemba 2022 akaapa kuilinda katiba hiyohiyo, na mbingu hazikuanguka. Nyanza yetu hii iliyoikataa rasimu ya 2005 ndiyo iliyoikumbatia ya 2010. Mwaka mmoja tuliitwa watu wa kupinga kila kitu, mwaka mwingine tukaitwa nguzo ya katiba mpya. Sisi tulikuwa walewale, tukinunua sukuma kwa walewale.

BBI, ule mpango wa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wa kurekebisha katiba, haikufika kwenye debe, na labda ndiyo sababu hatuizungumzii sana, lakini kwangu ndiyo iliyonifundisha zaidi kuhusu hili jambo la utaifa. Ilizaliwa na handisheki yao ya Machi 9, 2018, na jina lake lenyewe lilikuwa la kujenga madaraja. Madaraja hayo yalianza kujengwa kwa kutembelea eneo baada ya eneo, Kisii, Kakamega na kwingineko, kila jamii ikiombwa ije na orodha ya mambo yake. Siku ya mkutano wa uwanja wa Bukhungu, Kakamega, Januari 2020, wale waliotaka kukutana Mumias upande wa pili walitawanywa na polisi. Waluhya kwa Waluhya, kilomita chache tu, kwa jina la kuunganisha taifa.

Mimi nasikia Kimaragoli kwa kuzaliwa, Kijaluo kwa ndoa na Kikisii kwa biashara. Kwa hiyo napata hasara ambayo wengine hawaipati: naelewa mkutano hadi mwisho. Mheshimiwa akipanda jukwaani huanza kwa Kiswahili. Hapo ni taifa, ni undugu, ni damu ya mashujaa, kamera ziko mbele na wimbo wa taifa umeshaimbwa. Akifika robo tatu ya hotuba anashusha maikrofoni kidogo, anageukia lugha ya nyumbani, na hapo ndipo anasema alichokujia. Ile rasimu ya BBI ilipendekeza kaunti zigawiwe angalau asilimia 35 ya mapato badala ya 15. Pendekezo moja, maneno mamoja. Nikiwa Luanda kuchukua ndizi nilisikia kwamba sasa na sisi watu wa huku tutaacha kuombaomba. Kisii nilisikia kwamba wale wengine hawatatutangulia tena. Nikarudi Kibuye nikasikia jasho letu la tangu uhuru linalipwa. Hakuna mahali niliposikia jambo rahisi, kwamba pesa hizo zingekuwa za kaunti zote 47 kwa sheria moja, na kwamba mtu wa Turkana angefaidika kwa kifungu kilekile. Hilo halikuwa na mnunuzi.

Mabunge ya kaunti yalipoanza kupiga kura Februari 2021, majirani zetu wa Siaya wakawa wa kwanza kupitisha, Baringo wakawa wa kwanza kukataa. Sokoni tuliweza kutabiri kaunti nyingi kabla hazijakutana. Muswada ulikuwa na mambo mengi, kuanzia maeneobunge mapya 70 hadi kurudishwa kwa waziri mkuu. Inawezekanaje kaunti nzima ikawa na jibu moja kwa mambo yote hayo, hata kabla wawakilishi hawajafungua kurasa? Mahakama Kuu iliusimamisha Mei 2021, na Mahakama ya Juu ikaufunga Machi 2022. Wengine walilia. Mimi nilikuwa na machungwa ya kuuza.

Katiba yenyewe haina tatizo hapa. Kifungu cha 91 kinataka kila chama kiwe na sura ya kitaifa, na kinakataza chama kujengwa juu ya dini, lugha, kabila au eneo. Sheria ya vyama inadai wanachama elfu moja katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti. Kura ya maamuzi juu ya mambo mazito nayo haipiti mpaka angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika nusu ya kaunti. Yaani waandishi walikaa wakatafuta kila njia ya kulazimisha chama kivuke mito. Vyama vinavuka kweli. Vinavuka vikiwa na mtu wa kila upande wa mto, mmoja wa kuongea huku na mmoja wa kuongea kule, na kila mmoja ana ujumbe wake.

Hapa kwetu Kisumu kuna jambo jingine ambalo ni lazima niliseme, hata kama nitanuniwa. Marehemu Raila Odinga alikuwa katikati ya mambo yote hayo: Chungwa 2005, Ndio 2010, BBI. Kwa miaka hiyo yote kura ya Kisumu ilihesabiwa kuwa ya Baba, kama tulivyomwita, kabla hatujatoka nyumbani. Wengi wetu tulimfuata kwa mapenzi na sijutii hata siku moja kati ya hizo. Lakini ilikuwa na bei yake. Hakuna mrengo uliowahi kuhangaika kutueleza kifungu chochote. Wetu ulituona tumeshakubali, na ule mwingine ulituona hatufai kupotezewa mafuta ya gari. Tangu tumzike Oktoba 2025, naona picha yake kwenye kila bango, za watu wanaopingana. Kura ya maamuzi ikiitishwa, nina hakika pande zote mbili zitakuja Kibuye na uso uleule kwenye tisheti, kila moja ikiapa kwamba ndivyo Baba angetaka. Wakija, naomba waniambie wao wanataka nini.

Kuhusu gharama, siwezi kujifanya ni kitu kidogo. Mwaka 2020 tume ya uchaguzi ilikadiria kura ya BBI ingegharimu bilioni 14, na Raila akajibu kwamba bilioni mbili zingetosha. Watu wazima wawili wakiachana kwa bilioni 12, mimi sina mizani ya kuwapimia. Huenda kuchanganya na uchaguzi mkuu kungeokoa hela nyingi. Lakini wanaotoa hoja hiyo ni walewale watakaokuwa kwenye karatasi nyingine sita. Mgombea wa ubunge anayetafuta kura zangu hatanieleza ubaya wa kifungu ambacho kinara wake anakiunga mkono. Hawezi; atanyimwa tiketi. Na mtu anayekipenda kifungu lakini hampendi kinara huyo atafanyaje? Atakuwa jirani yangu wa viazi tena, safari hii kwa mamilioni.

Ninachotaka ni kidogo. Kama ni lazima kura ya maamuzi iwepo, iwe na siku yake, mbali na uchaguzi mkuu. Vyama vikija kuifanyia kampeni viache rangi zao na picha za wagombea wao nyumbani, na bunge litunge kifungu cha kuzuia alama ya kura ya maamuzi isisajiliwe kuwa ya chama baadaye. Bendera ya taifa isifungwe kwenye boneti ya gari la mrengo wowote. Mambo yanayoulizwa yatenganishwe, ili anayetaka kaunti zipewe pesa zaidi asilazimike kumeza na wabunge zaidi. Na swali litangazwe mapema kwa Kiswahili ambacho mtu wa Kibuye atakisoma bila kumwita mwanafunzi wa sheria.

Vyama vikiwa na pesa za kutumia, ninavishauri hivi. Vichapishe kifungu kilivyo leo upande mmoja wa karatasi, na kitakavyokuwa kikibadilishwa upande wa pili, bila jina la chama wala uso wa mtu. Viniletee karatasi hizo Jumapili, siku soko letu linapojaa kuliko siku zote, na zisiwe za mrengo mmoja tu. Nitaziweka juu ya meza, ndizi upande huu na machungwa upande ule, na anayetaka atachukua bure, anunue au asinunue.

Muuza matunda,
Soko la Kibuye, Kisumu